Ndugu yangu wa kwa bariere

Butembo, siku ya ine, Alhamisi. Mvua ya asubuhi imeacha matope, na roho yangu iko ndani ya matope ile.

Mimi Kakule, dereva wa pikipiki wa njia ya Butembo na Beni. Nimefika Kampala, nimefika Kisangani, na shule niliacha kwa primaire bila kujuta. Mutu akitaka kunidanganya ninamujua mbele afungue mudomo.

Leo njo mimi nilipimwa.

Nilibeba mwalimu mumoja, mutu wa Kasaï, serikali ilimutuma huku. Bibi yake iko kwa hospitali ya Beni, mutoto amekaa vibaya ndani ya tumbo. Na carte yake ya kitambulisho iliibiwa. Siku hizi mugeni bila carte, vijana benye kufunga njia kwa bariere banamuita muasi. Banaweza kumukata, kisha njo baulize. Nikamuambia: "Mwalimu, wewe ni mudogo wangu. Funga kitambaa kwa shavu, jino inakuuma. Usiseme kitu."

Kwa bariere, kijana mwenye panga, tunaimba naye kwa kanisa, akamukazia macho. "Ni nani huyu?"

"Mudogo wangu. Jino."

"Jina?"

Na mwalimu, badala ya kuugua tu, akajibu: "Kambale."

Jina ile njo kosa.

Kwetu Banande jina ni hesabu. Kambale ni kijana wa pili wa mama, Kakule ni wa ine. Hata mutoto mudogo wa maternelle anajua.

"Kakule, mudogo wako alikutangulia kuzaliwa?" Wenzake bakasogea.

Nikacheka. "Ni wa mama mwingine, petit. Kule hesabu ilianza tena. Baba alimuzaa Kisangani, njo maana Kinande hakijui. Tafazali, usiseme kwa kanisa."

Baba yangu. Muzee wa kanisa, mwenye bibi mumoja maisha yake yote.

Bakacheka mpaka bakafungua njia. Mwalimu alifika Beni.

Lakini habari ya mutoto huyu wa Kisangani ilinitangulia Butembo. Mama akaniwekea bugali na sombe, akasema tu: "Omba." Hiyo njo mashini yake ya kunipima. Tangu utoto, nikiwa na uongo, ombi yangu inakuwa fupi.

"Asante, Bwana. Amina."

Mama hakufungua macho. Akaendelea yeye: "Na umulinde huyu Kambale, mwenye mimi sikumuzaa, na bwana yangu hakumuzaa."

Kisha akanipa maji ya kunawa.

Kesho baba anarudi kutoka shamba ya Kasugho. Siku ya Mungu wazee ba kanisa bamemuita aeleze habari ya mutoto huyu. Mwalimu atapita kesho yake, siku ya kwanza, na bibi na mutoto, kwa bariere ile ile. Donc mpaka siku ile Kambale lazima abaki ndugu yangu.

Baba hajadanganya mutu hata siku moja. Nitamufundisha namna gani kwa siku mbili?