Nilikataa Bia ya Povu, Wakadhani Nimekataa Mkwe

Bi Ummu,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi salamu zikufikie, nisaidie maana nyumbani kwangu hapakaliki. Mimi naitwa Kalisti, mtu wa Marangu, naishi Germantown, nje kidogo ya D.C., na mke wangu Honorata, na jina langu usilifiche kwa sababu sijafanya kosa lolote.

Kabla sijafika kwenye shida yenyewe lazima nikueleze habari ya bia, la sivyo hutanielewa kama hao wengine wasivyonielewa. Nilisoma Leeds, Uingereza, na huko ndiko nilikoijua bia ya pipa, ile ambayo haikutiwa gesi na mtu, chachu yake iko hai mle mle ndani ya pipa na ndiyo inayoichangamsha, inakaa kwenye ubaridi wa kiasi wala si wa barafu, mhudumu anaivuta kwa mpini, kwa nguvu za mkono wake, na pipa likishafunguliwa ni siku chache tu limekwisha, sawasawa na mbege, pombe ya ndizi ya kwetu, ambayo nayo haingoji mtu. Hapa D.C. nimetafuta mpaka nikapata baa moja karibu na ofisini yenye mpini wa namna hiyo, kila Ijumaa napita pale kabla ya kupanda treni ya Shady Grove kurudi nyumbani, na nikwambie ukweli kuna siku walinipa iliyokwisha kuharibika, siki tupu, lakini niliimaliza na nikashukuru, maana yule kijana Mzungu wa kaunta ni mpole na sikutaka ajisikie vibaya. Sasa kuna hiki kitu kingine, bia ya naitrojeni, ya kopo, ndani mna kidude cha plastiki, ukifungua kinapuliza gesi na bia inafanya povu zito jeupe kama losheni, viputo vidogo hata ulimi hauvihisi, baridi imeua ladha yote, halafu watu wanakwambia ni laini, ni laini! Uji wa mtoto pia ni laini. Ile ni bia ya watu wasiopenda bia.

Basi, binti yetu Queen amepata mchumba, Kimani, Mkenya, anaishi Adelphi, na mwezi uliopita walikuja rasmi kuposa, wakiongozwa na baba yake mdogo, Mzee Sebastian. Kama hujui nakwambia, kwetu Wachaga posa ni pombe, na kwao Wakikuyu vilevile, binti anamimina, anaonja, anapiga magoti na kumpa baba yake, na baba akinywa amekubali. Mbege huku hakuna, muratina yao ya asali hakuna, nikasema moyoni wataleta kitu cha maana kwa kuwa walishaambiwa mimi ni mtu wa bia ya Kiingereza. Queen akaja na kata yetu iliyotoka Marangu, akapiga magoti, natazama ndani naona losheni. Bi Ummu, mkono wenyewe ulikataa. Nikaisukuma kata nikasema, "Hii hapana. Hii mimi sinywi, iondoe."

Nilidhani watacheka. Mzee Sebastian akasema, "Baba Queen, muratina tuliikosa huku. Huyu kijana aliskia unapenda bia ya Waingereza, akazunguka Silver Spring yote akiuliza, wakamwambia hii ndiyo smooth kabisa." Nikaona hapo ndipo pa kuwaelimisha, nikawaeleza tofauti ya pipa na naitrojeni kwa utaratibu, na nilikuwa sijafika hata kwenye chachu mzee akachukua kofia yake akasema, "Sawa, tumepata jibu letu. Wacha tutoke kabla barabara ya Beltway haijashika jam." Wakaondoka, na nyama ya mbuzi haikuguswa.

Queen alisimama mlangoni na koti mkononi, akaniuliza, "Baba, ni bia au ni Kimani? Just tell me." Nikamwambia aketi nimweleze kuhusu viputo. Hakuketi. Tangu siku hiyo simu yangu hapokei, Jumapili kanisani anakaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya baraka, na mama yake ameniambia kwamba wakubwa wa upande wa Kimani wanasema tumewakataa, kijana aangalie kwingine. Ninachotaka kwako ni kimoja tu: niwaelewesheje watu hawa kwamba nilikataa bia, sikukataa mkwe, bila kuonekana naomba radhi kwa sababu ya kuwa na mdomo unaojua kuchagua?

Kalisti, Germantown

BI UMMU ANAJIBU

Marahaba, kwa sababu nimekuzidi, na kwa barua hii ningekuzidi hata kama tungezaliwa siku moja.

Mimi ni mtu wa Lamu. Pombe sijaionja wala siombi kuionja, kwa hiyo hiyo ya pipa na hiyo ya kopo kwangu ni mamoja. Lakini kusoma najua, na nimeona kwamba binti yako umemtaja baada ya chachu, mpini, treni na kidude cha plastiki. Baba wa watu anaomba ushauri kuhusu mtoto wake, na mimi nimejifunza kuendesha baa.

Unasema hujafanya kosa. Haya, Mzungu wa kaunta alikupa siki ukainywa yote na asante juu, usije ukamvunja moyo. Kijana wa watu amezunguka mji mzima akitafuta cha kukufurahisha, akadanganywa dukani kama ambavyo ningedanganywa mimi, na huyo ndiye uliyempa somo mbele ya wazee wake. Kumbe adabu unayo, ila unaiacha D.C. kila Ijumaa. Wala usiniambie hukujua kusukuma kata maana yake nini, kwa sababu desturi hiyo nimeisikia kwako wewe.

Kwetu posa ni kahawa na halua. Nimewahi kufuatana na wazee kwenye nyumba moja ambako halua ilikuwa ngumu kama kandambili, na mjomba wangu alitafuna mpaka jino likamtoka. Alilitia mfukoni akasema mikono ya mpishi isichoke. Harusi ilifungwa, na wale watu sasa wana wajukuu.

Pole yangu nakupa, usidhani sina moyo. Mtu akikaa mbali na kwao akapata kitu kinachomkumbusha nyumbani, hukipenda kupita kiasi na kukipigania hata pasipo vita. Nakuelewa. Wakenya wale nao walikuwa mbali na kwao, wakaja mlangoni kwako na walichokipata.

Linaloniuma ni Queen na lile koti. Mtoto alitaka kujua kama baba yake anamkubali mwanamume anayempenda, ukamwambia habari za viputo. Basi nami nakuuliza lile lile: ni bia au ni Kimani? Maana pipa umelisifu mpaka nikalionea wivu, na kijana umemmaliza kwa maneno "Mkenya, anaishi Adelphi". Anafanya kazi gani? Anamtunza mwanao? Hukuandika, na sidhani kama uliwahi kuuliza. Kama humtaki, sema wazi na utoe sababu ya mtu mzima. Kama kweli ni bia tu, basi ona aibu, maana unakaribia kumpoteza mtoto kwa sababu ya povu.

Sasa sikiliza. Leo hii mtumie Queen ujumbe: "Ilikuwa bia, na nilikosea." Usiongeze neno, na naitrojeni usiitaje. Kisha wewe na Honorata mwende Adelphi kwa Kimani wenyewe, Queen na Mzee Sebastian wawepo, msimtume mtu, na njiani msipitie baa. Mkifika, mwache mkeo aanze kuzungumza, wewe umeshazungumza vya kutosha. Zamu yako ikifika, muombe radhi Mzee Sebastian, halafu umgeukie Kimani umuombe yeye kwa jina lake, mbele ya wote, bila "lakini" hata moja. Baada ya hapo omba bia ile ile ya kopo. Queen akikubali kukupa, pokea kwa mikono miwili. Asipotaka, nawe umestahili, jimiminie mwenyewe.

Uinywe yote, bwana Kalisti, usikunje uso, na povu likikaa kwenye masharubu liache hapo hapo watu walione. Mzee atakuuliza ikoje. Mwambie nzuri, kisha omba ya pili.