Kikombe Changu Nimekirudisha Kabatini

Mama watoto,

Chai iko kwenye chupa. Madirisha yote nimeyafungua, asiyafunge mtu.

Alfajiri nilitaka kukuamsha, nikaishia kukuandikia. Nina kifua kikuu. Nimekwenda kliniki kumeza dawa, kazini siendi kwanza. Kule kazini tunakoshona nguo tunafunga madirisha vitambaa visipeperuke, kumbe tunagawana kikohozi! Sasa tunapimwa wote. Na ninyi nendeni leo, ni bure.

~~Mama yangu usimwambie.~~ Mama yangu mwambie, naye apimwe.

Kile kikombe nilichokitenga, ukasema nimenuna? Nilidhani nawakinga. Muuguzi kacheka: ugonjwa huu hupita kwenye hewa, si kwenye vikombe. Nimekirudisha kando ya chako. Mimi nitalala sebuleni mpaka daktari aniruhusu. Ila wewe usikizoee hicho kitanda peke yako.

Mnunaji wako,
Baba watoto