Simu ya Albina Ilishinda na Nani?

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya simu inapotuonya kwamba tumekaribiana na mgonjwa ni kukimbilia kuuliza "Ni nani huyo?" kabla ya kujiuliza "Simu yenyewe ilikuwa wapi?" Msomaji wetu wa wiki hii amelifanya kosa hilo, nalo limemwachia nyumba tupu. Someni barua yake kwanza.

*

Mwalimu Alphonce, shikamoo. Mimi msomaji wako wa Mapera nimekwama, naomba unikwamue, kwa maana mke wangu Albina ameondoka nyumbani na mwenye kosa ni mimi, ila bado sijamwambia mtu.

Albina ni katibu wa chama chetu cha msingi cha kahawa, ndiyo maana ana simu janja, mimi nina kitochi tu, na homa hii ya mlipuko ilipoingia mhudumu wa afya aliwawekea wenye simu janja ile programu ya kutoa onyo, basi siku moja tunakula ikalia, nikaiwahi mimi, nikasoma kwamba Jumanne ya wiki iliyopita simu hii ilikaa saa saba karibu na simu ya mtu aliyethibitika kuugua, nami badala ya kumjulia hali nikamwuliza, "Saa saba! Ulikaa na mwanamume gani saa saba?" akanitazama akasema, "Hata mimi nataka kumjua, Baba Jastini, maana hata wewe sijawahi kupata nafasi ya kukaa nawe saa saba."

Mwalimu, sikucheka. Yeye alichukua sahani yake, kikombe na mkeka akahamia stoo ya kahawa, akawa anaongea nasi kwa mbali amevaa barakoa, akaahirisha safari ya kwenda Lundo kumwona mama yake mwenye pumu, na mimi nikaona hiyo ndiyo dalili ya hatia, nikaenda kwenye jumuiya yetu ya sala Alhamisi, nyumbani kwa Mama Kunigunda mwenyekiti wetu, na ilipofika zamu yangu ya kutoa nia nikasema kwa sauti, "Tuiombee nyumba yangu, imeingiliwa," wote wakaitikia, "Twakuomba utusikie," na habari ikamfikia Albina stoo kabla mimi sijafika nyumbani. Siku alizoelekezwa zilipokwisha, amepimwa na hana kitu, alifunga nguo zake akashuka ziwani kwa mama yake, akasema, "Nitarudi siku jumuiya itakaposikia vingine."

Jumamosi nikapeleka kitochi changu kuchaji kwa Otilia, mwenye duka lenye sola kijijini kwetu, nikaona simu za watu zimelala ubavu kwa ubavu juu ya ubao kama dagaa wa usipa walioanikwa kwenye uchanja, Otilia akaniambia, "Baba Jastini, ile ya mama mbona huileti tena? Mara ya mwisho ilishinda hapa, Jumanne ile ya ukungu, pembeni ya ile ya mwalimu Ildefonsi, aliyelazwa." Hapo nikakumbuka kwamba asubuhi ile Albina ametangulia kwenye ngolo, yale mashamba yetu ya mashimo mlimani, na simu kaiacha mezani, mimi nikaipitisha pale nikimfuata shambani, jioni nikairudisha mezani bila kumwambia. Sasa nauliza, nikimfuata Lundo na kitenge kizuri, nikamwambia simu ilikosea, tukaifuta hiyo programu yakaisha, si itatosha?

Mansuetus, Mapera.

*

Marahaba, Mansuetus. Haitatosha, na nitakueleza kwa nini, maana mazoea ya ubaoni hayajanitoka.

Simu haikukosea. Simu yenye programu hiyo hutoa namba ndogo kwa mawimbi mafupi yasiyofika mbali, na huzihifadhi namba za simu nyingine zilizo jirani. Namba hizo hubadilika kila mara, hazina jina wala kijiji. Mgonjwa akithibitika, naye akakubali, namba zake hutolewa, kisha kila simu hujikagua yenyewe: je, hii niliwahi kuipokea? Nakiri kwamba naistahi sana akili iliyobuni kitu hiki. Kinamwambia mtu "jihadhari" bila kumtaja jirani yake. Wewe hukuweza hilo hata kwa Alhamisi moja.

Lakini simu huwajua jirani zake tu, haimjui mwenye kuibeba. Simu mbili zilishinda pamoja kwa Otilia, wenyewe hawapo. Mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa kwenye ngolo! Wewe ulikuwa mbele unafyeka na kulaza nyasi, yeye nyuma yako anafukia, kama walivyofanya bibi na babu zetu. Mwanamke unayemtuhumu ulikuwa ukimwona. Uliacha kuyaamini macho yako, ukaamini kioo ulichokisoma nusu.

Sasa mtazame Albina. Alijua hajakaa na mwanamume yeyote. Hakujua kama hajaambukizwa. Akayatenganisha mambo hayo mawili, jambo ambalo wasomi wengi hawaliwezi, akalala kwenye magunia ili mama yake aendelee kupumua. Aliwakinga watoto wako. Alikukinga na wewe, huku unamtukana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimetamani kumpa mkono mama huyo.

Programu msiifute. Ila mkipeleka simu kuchaji, izimeni kabla ya kumkabidhi Otilia. Na Albina akienda shambani aende nayo, kwa sababu kama mgonjwa angekuwa miongoni mwa wale wanaofukia ngolo, simu iliyoachwa kwa Otilia isingetoa onyo lolote, nanyi mngejiona salama.

Kuhusu kitenge, kipeleke baadaye ukipenda, lakini hakitasema kwa niaba yako. Ukidai kwamba simu ilikosea, utakuwa umesingizia mara ya pili. Albina hakuomba zawadi. Ulimchafua mbele ya jumuiya, na amekuonyesha mlango wa kurudia, tena kwa upole usioustahili. Usianze na safari ya Lundo. Ukifika huko bila kwanza kuusema ukweli, utapanda mlima kurudi Mapera peke yako.

Leo hii nenda kwa Mama Kunigunda, uombe nafasi ya kusema mbele ya jumuiya Alhamisi, na ukiwa hapohapo mlangoni pake anza kwa kumwambia yeye: "Simu niliipeleka mimi."