Usiyatupe Matawi ya Mtungule

Hud mwanangu,

Nakwenda Ibra kwa dada yako Ghalia. Wali umo ndani ya friji, upashe moto.

Yale matawi ya mtungule kwenye gilasi dirishani usiyatupe, yanaota mizizi. Yabadilishie maji kila siku, na usiyatoe nje, baridi itayaua.

Asubuhi ulinambia, "Mama, tungule za mchuzi si zimejaa tele sokoni?" Zimejaa, baba. Lakini mti wenyewe aliupanda marehemu baba yako kabla hajatutoka, na baridi hii imeushinda. Nimewahi kukata matawi yaliyobaki mabichi. Ndiyo ninayozungumza nayo wewe ukiwa kazini. Lakini wewe asubuhi ulipouliza ulicheka tu, ukatoka hata chai hukunywa.

~~Nitarudi Alkhamisi.~~ Nitarudi ukinipigia simu.

Mama yako