Siku Niliyotafsiri Utoto Wangu

Garissa, Alhamisi, wiki ya pili ya likizo ya Aprili

Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha tope hadi mlangoni, kisha jua likarudi kana kwamba halikuwahi kuondoka. Naandika nikiwa kwenye mkeka uani kwa habaryar, mama yangu mdogo. Adhana ya magharibi bado. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, basi acha niiweke hapa.

Leo nimejua jina la jinsi nilivyo. Na aliyesaidia kulithibitisha ni mama yangu, ambaye hajawahi kuketi darasani hata siku moja.

Kwa wanaosoma hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Hodan, nina miaka kumi na tisa, niko kidato cha nne. Nilianza shule nikiwa na miaka minane kwa sababu sisi ni wafugaji, kwa hiyo nina kitambulisho cha taifa mkobani na bado navaa sare. Bwenini wenzangu huniita Roboti. Kengele ya chakula hunikata kichwani kama msumeno. Ratiba ikibadilishwa ghafla, mikono yangu hutetemeka na sauti hukwama hadi saa nzima ipite. Naibu wa mwalimu mkuu aliandika kwenye ripoti yangu, "Ana akili lakini ni mkaidi." Hata Kiswahili changu ni cha vitabuni, maana huko ndiko nilikokipata. Wasichana huniambia, "Manze Hodan, hii si taarifa ya habari, tulia basi."

Mwaka jana alikuja mwalimu wa mazoezi kutufundisha biolojia. Kaka yake ana usonji, ile hali ambayo kwa Kiingereza huitwa autism. Siku moja aliniuliza kwa upole kama nimewahi kusoma jinsi usonji unavyoonekana kwa wasichana. Nilisoma. Nililia, lakini si kwa huzuni. Nililia kama mtu aliyepekua orodha ndefu ya majina ya wengine na mwishowe akaliona lake.

Mtaalamu wa kwanza niliyemwendea aliniangalia kwa dakika tano akacheka. Alisema usonji ni wa watoto wasioongea, na mimi naongea vizuri kuliko yeye, kwa hiyo nirudi nikasome. Nikamwambia asante. Ile asante iliniaibisha kwa wiki nyingi.

Daktari Nekesa si kama yeye. Huja hapa mjini mara moja kwa mwezi, kwenye kliniki ndogo yenye feni inayopiga kelele, na siku ya kwanza aliniona naitazama ile feni, akainuka akaizima bila kuniuliza. Tukatokwa jasho sote wawili. Akasema, "Sikutafuti ubovu, Hodan. Nataka kujua akili yako inavyokwenda, ili tujue inahitaji nini."

Nilikutana naye mara mbili. Mara ya tatu, alisema, anahitaji mtu aliyenijua nikiwa mdogo sana. Mtu mzima anapopimwa, utoto wake huulizwa kwa aliyeuona.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Acha niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilipokuwa na miaka minane, mama alinileta hapa mjini, akaniacha kwa habaryar, akageuka akarudi kwa mifugo. Ndugu zangu wote walibaki naye. Miaka yote nimeamini kwamba nilimchosha. Niliogopa kwamba akiulizwa kuhusu utoto wangu, atalisema waziwazi mbele yangu: mtoto huyu alinishinda.

Mama alifika jana kutoka Balambala, juu ya lori la mbuzi waliokuwa wakiletwa soko la Jumatano. Alishuka shela yake ikinuka mbuzi, akasalimu, akanywa chai, kisha akamuuliza habaryar swali ambalo bila shaka alikuwa nalo njia nzima.

"Hiyo karatasi ya daktari, itaandikwa waali?"

Waali ni mwendawazimu. Nina dada wawili wadogo, na mama anajua watu wanavyouliza kuhusu ukoo mzima kabla ya kuleta posa. Sikumkasirikia. Habaryar alimwambia, "Kamuulize daktari mwenyewe, mimi ni muuza vitambaa."

Leo asubuhi tulipofika kliniki tukaambiwa muuguzi anayetafsiri Kisomali yuko kambi ya wakimbizi ya Ifo wiki hii. Daktari Nekesa alisikitika. Alisema si vizuri anayepimwa awe mkalimani wake mwenyewe, na kwamba tunaweza kungoja mwezi ujao. Nikamtafsiria mama.

Mama akajifunga shela vizuri, akakaa kama mtu asiyeinuka leo wala kesho. "Mwezi ujao mbuzi wanazaa. Mimi niko hapa sasa. Aulize."

Basi nikavuta kiti nikakaa katikati yao.

Maswali ya kwanza yalikuwa mepesi. Nilianza kuongea lini? "Alichelewa," mama akasema. "Lakini alipoanza, alianza kama mzee wa baraza. Alikuwa akiwahukumu watu wazima." Daktari akacheka, nami nikacheka.

Nilikuwa nikicheza vipi? Mama akaeleza kwamba watoto wetu huchezea vijiwe. Kila kijiwe ni ngamia au mbuzi. Wanavihamisha, wanavinywesha, wanaibiana. Vya kwangu havikuhama. Nilivipanga kwa uzazi, kila mtoto nyuma ya mama yake, na mama nyuma ya bibi. Kaka yangu akisogeza kimoja nikiwa sipo, nilijua nikirudi.

"Na si vijiwe tu," mama akaongeza, na sasa alikuwa anaufurahia mkutano. "Jioni mbuzi wakiingia bomani, yeye alisimama mlangoni akasema, mtoto wa yule mwenye sikio moja hayupo. Alikuwa na miaka minne! Baba yake aliacha kuhesabu."

Hilo nililitafsiri kwa sauti ya juu kidogo. Nakiri.

Kisha daktari akauliza: akiogopa au akizidiwa, alikuwa akifanya nini?

Mama alishusha sauti akasema maneno mengi. Alisema siku za kuhama, nyumba ilipoanza kubomolewa ili ipakiwe, nilijiuma mkono hadi damu. Nilijigonga kichwa kwenye dumu la maji. Nilijichafua. Wanawake wa boma jingine walikuja kutazama.

Nami, pamoja na Kiswahili changu chote cha vitabuni, nikamwambia daktari, "Alikuwa akilia kidogo tulipohama."

Mama anajua Kiswahili cha sokoni, cha kuuzia maziwa na mbuzi, na kumbe kinatosha kupimia maneno. Akanitazama, kisha akamgeukia daktari, akasema mwenyewe, kila p ikigeuka b kinywani mwake:

"Daktari, huyu nameza maneno. Mimi nabeana kabu nzima, yeye natoa kikombe moja. Maneno yangu ingine imebotea wabi?"

Masikio yangu yaliwaka moto. Ningeweza kusema kwamba tafsiri ni kazi ngumu. Ningeweza kusema neno fulani halina mwenzake katika Kiswahili. Daktari aliweka kalamu akaningoja bila hasira.

"Ni kweli," nikasema. "Nimepunguza. Niliona aibu."

Kisha nikasema yote. Mkono, dumu, damu, wanawake waliokuja kutazama. Nilivuta mkono wa nguo nikamwonyesha daktari kovu ambalo bwenini nimekuwa nikisema ni punda aliniuma.

Daktari alisema asante, hilo ndilo alilokuwa akilitafuta. Lile neno "kidogo" lingempoteza. Akauliza tena, "Na mama alifanya nini?"

Mama alinyoosha vidole kimoja kimoja. Halafu akaeleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu.

Alisema wengine walimwambia anichape. Wengine wakasema nina jini. Yeye akaamua kunitazama tu. Akaona kwamba nyumba yetu ikisimamishwa mahali papya, ni miti ileile na mikeka ileile, nami hutulia kidogo. Lakini moto ukiwashwa, natazama mafiga, naanza kulia upya. Mafiga ndicho kitu pekee ambacho watu huacha nyuma. Nani hubeba mawe? Ukifika unaokota mengine, au unavunja kichuguu.

Safari iliyofuata, mama aliyafunga yale mawe matatu ndani ya gunia akayapakia juu ya ngamia. Tulipofika, kabla nyumba haijasimama, aliyapanga chini kwa mpangilio uleule, lile jeusi upande wa mawio.

"Akayashika," mama akasema. "Moja, la pili, la tatu. Akakaa chini. Akanyamaza."

Mama akayabeba tangu siku hiyo, kila tulipohama. Wanawake walimcheka njiani: "Mtazameni mama wa mawe! Ngamia wake anapeleka mawe kwenye mawe!" Bibi yangu mwenyewe alimwambia kwamba yule ngamia atamshitaki kwa Mungu. Mama akamjibu kwamba ngamia hajalalamika, wanaolalamika ni watu wasiobeba kitu.

Nilikuwa nikitafsiri polepole. Daktari akanisogezea glasi ya maji, kisha mama akamalizia.

"Ukaja ukame. Tukahama mara nyingi mno, mawe hayakutosha tena. Nikafikiri, mtoto huyu anahitaji nyumba isiyohama. Dada yangu ana nyumba ya mabati mjini. Nikampeleka. Nikarudi na mawe peke yangu."

Miaka kumi na moja nimekuwa nikiitafsiri vibaya siku ile.

Nilifanya tu kazi yangu, yaani nilitafsiri, hadi neno la mwisho. Daktari Nekesa alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Kisha ikawa zamu ya mama kuuliza, na akauliza lile swali lake. Karatasi itaandikwa waali? Nililitafsiri bila kulilainisha.

"Hapana," daktari akasema. "Mwambie mama neno hilo halitakuwepo popote. Nitaandika kwamba una usonji. Ulizaliwa nao. Si ugonjwa wa kuponywa na wala si laana. Nitaandika unachokiweza na kinachokulemea, na unachohitaji shuleni. Na nitaandika kwamba mama yako alijua kabla yetu sote."

Sentensi ya mwisho niliianza mara mbili kabla ya kuimaliza.

Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akamwinulia daktari kidole na kusema kwa Kiswahili chake, "Haya. Andika na ile ya mbuzi. Usisahau."

Daktari akaandika ile ya mbuzi. Nilimwona.

Tulirudi kwa miguu tukikwepa madimbwi. Kwetu mama naye humwita mtoto wake hooyo, jina lilelile ambalo mtoto humwita yeye, na leo aliniita hivyo njia nzima, hata alipokuwa akinigombeza kwa kuchafua viatu. Nilimuuliza yale mawe yako wapi sasa. Akacheka hadi akasimama.

"Hooyo, si unakunywa chai inayochemkia juu yake kila likizo?"

Ni yale ya jikoni kwake Balambala. Moja lina ufa. Mimi ninayejua mbuzi kwa masikio yao sikuwahi kuyatazama mara mbili.

Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama daktari ataandikia shule barua. Nikasema ndiyo, itakuwa tayari kabla ya kufungua. Akatembea kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo shule yenu, inakubebea nini?"

Huu ni mwaka wa nne niko pale, na sijawahi kuomba kubebewa chochote. Nimekuwa nikijibeba kimyakimya, na kuitwa mkaidi.

Sasa mama yuko ndani na habaryar, wanacheka. Nasikia habari ya dumu na punda ikisimuliwa, na mimi ndiye ninayechekwa, na sijali hata kidogo. Kesho baada ya sala ya alfajiri lori linarudi Balambala, naye atakuwa juu yake. Nimejivunia mambo mengi mwaka huu, alama zangu na insha yangu iliyobandikwa ukutani. Hakuna nililojivunia kama kutembea leo karibu na mwanamke yule mwenye shela inayonuka mbuzi.

Siku ya kufungua shule nitampelekea naibu wa mwalimu mkuu barua ile kwa mkono wangu. Namwogopa bado. Ana haraka, na huenda akanikatiza kabla sijamaliza. Nitamwomba niwe naambiwa siku moja mapema ratiba inapobadilika, na niruhusiwe kuingia kula kabla ya kengele. Akiuliza kwa nini, nitamweleza kuhusu mikono, na kengele, na kovu ambalo si la punda.

Sitampimia kwa kikombe. Nitampa kapu zima.