Filimbi Uliyompulizia Mdogo Wangu

Shemeji,

Sikuulizi hali, maana sitaki kuijua. Nimesikia uko Matai na umeanzisha kikundi kingine cha mazoezi. Ndiyo sababu nakuandikia hadharani, ili na hao wa huko wasome.

Sitakunyima haki yako. Wewe ndiye uliyenifundisha kukimbia. Jumamosi asubuhi, baridi ya Sumbawanga ikitukata masikio, ulituzungusha uwanja mpaka majasho yakatutoka. Tulipodhani tumemaliza, ukapiga kelele: "Bado ya kumalizia!" Tukapanda kile kilima cha kando ya uwanja kwa kasi yote, tukahema kidogo, filimbi ikalia, tukapanda tena. Muda mfupi tu, lakini mapafu yaliwaka moto. Nililipenda zoezi lile. Nilikupenda na wewe, kama kaka.

Kisha ukamleta Editha, mdogo wangu, mkeo. Mtoto wenu alikuwa hajaanza hata kukaa. Ulisema amenenepa, na ulisema mbele ya watu. Wakacheka. Yeye naye akacheka, huku anavuta fulana ishuke ifunike tumbo.

Siku ile alipanda mara ya kwanza, akapanda ya pili. Akakufuata ameshika kifua.

"Baba Joni, naona giza."

"Giza gani saa hizi? Bado moja."

"Siwezi."

Ukampulizia filimbi sikioni. Akaenda. Hakufika hata katikati ya kilima, akaanguka kifudifudi. Mimi nakimbia kumfuata, wewe unawaambia wenzetu, "Mwacheni, anadeka huyo." Anadeka! Mdomo wake ulikuwa umejaa vumbi, shemeji. Midomo imekuwa myeupe.

Tulimpakia kwenye bajaji mimi na mama mmoja wa mtaa wa Majengo, tukamkimbiza hospitali. Wewe ulibaki kumalizia zoezi. Daktari alisema damu ilikuwa imepungua sana tangu ajifungue, na kwamba mtu wa hali ile alitakiwa kupumzika na kula, si kukimbizwa mlimani. Ukaja jioni na juisi. Hukuuliza daktari kasema nini. Uliuliza, "Jumamosi atakuwa yuko fiti?"

Editha akageukia ukutani. "Uwanjani sirudi," akasema. "Na kwako sirudi."

Ulidhani ni hasira za mgonjwa. Mwezi uliopita ukamtuma baba yako mdogo kwa mama. Mama alimpokea vizuri, akampikia, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita Editha ajibu mwenyewe, naye akajibu yaleyale, bila kulia. Mzee aliondoka ameinamisha kichwa. Aibu ile ilikuwa yako, ukambebesha yeye.

Kikundi sasa nakiongoza mimi. Ya kumalizia bado tunaifanya, ila anayechoka anakaa, na hakuna anayemcheka. Daktari alipomruhusu, Editha aliniomba mwenyewe arudi uwanjani, maana wewe hukuwepo tena, akaanza kwa kutembea tu. Jumamosi iliyopita alipanda kilima kwa kasi, akapumzika, akapanda tena. Nikamwambia inatosha. Alikuwa anahema, mikono magotini, akanitazama kwa jicho kali.

"Dada, niache. Mara hii napanda kwa kutaka mwenyewe."

Akapanda mpaka juu.

Hukuwepo kuona, na nafurahi hukuwepo. Baki hukohuko Matai.

Mimi niliyekuwa shemeji yako,
Dada yake Editha