Saa ya Babu Bado Iko Karagwe

Mjukuu wangu Keza,

Hapa Niboye, Kigali, tu wazima, ila goti langu linanisumbua asubuhi. Umeuliza kama ile saa ya mkono ya marehemu babu yako tuibadilishe kwa mpya, inayojirekebisha yenyewe kwa simu. Kwa mashine, mpya ni bora, sibishi.

Ila tulipohamia Kigali kutoka Karagwe, tukiwa vijana, babu yako alikataa kuirudisha nyuma kwa saa moja kama watu wote, maana saa za Kigali ziko nyuma ya za Karagwe. Nikaona ni ukaidi. Jioni moja akaitazama, akasema taratibu, "Sasa mama anafungia kuku." Mama yake alikuwa amebaki kule.

Mpya nunua, uvae wewe. Ingejua tuko Kigali siku ileile. Hii hadi leo haijui, na sina haraka ya kuiambia.

Bibi yako